Kumpimia Bibi Mwanga

Kamera niliipata kama nyongeza. Nilikuwa nachukua mikoba ya mtumba kwa jumla kwa mfanyabiashara mwenzangu pale Mikumi. Tulikuwa tumevutana bei mpaka kila mmoja anamwona mwenzake mwizi, ndipo nikaona chini ya belo kimkoba cha ngozi, kigumu, kisichoingia hata leso. Ndani mlikuwa na kamera. Nikamwambia hiyo iwe nyongeza yangu, la sivyo narudisha mzigo wote. Akaigeuzageuza, akauliza inachajiwa wapi. Nikamjibu haichajiwi. Akanipa kwa kunionea huruma.

Ni kamera ya filamu, ya zamani, nzito kama jiwe la mizani. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi, na humo kila kitu kinaonekana viwili: mti na mwenzake, mtu na pacha wake. Unazungusha lenzi taratibu mpaka pacha anamwingia mwenziwe wanakuwa mtu mmoja, hapo umepata umbali. Hilo nililielewa siku ileile. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, kwa hiyo sikupata tabu na kamera inayoona kila kitu mara mbili.

Tabu ilikuwa kwenye mwanga. Juu ya lenzi kuna kioo chenye vinundu kama jicho la nzi. Kioo hicho ndicho kinachopima mwanga, wala hakitaki betri. Mwanga ukikigonga, sindano ndogo iliyo juu ya kamera inainuka. Kazi yako ni kuchezesha spidi ya kufyatua na tundu la lenzi linaloingiza mwanga mpaka sindano ikae kwenye alama ya katikati. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikiwa nimekaa nyuma ya meza yangu ya mitumba wakati wateja wamepoa. Wote mle walikuwa na wimbo mmoja: sindano ikikaa katikati, piga.

Nikapiga. Filamu ya kwanza niliimalizia barabara kuu, malori yaliyoegeshwa, nyasi za kiangazi, mbuzi wa jirani. Filamu inasafishwa Dar, inakwenda na kurudi kama kifurushi cha basi. Iliporudi, vyote vilikuwa vimetoka. Lami ni lami, nyasi ni nyasi, mbuzi ana hadi ndevu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mimi sinunui kilo ya sukari bila kuchungulia chini ya mizani. Sijawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, hata ya daktari wa meno. Lakini ile sindano niliiamini kama mtoto anavyomwamini mama yake.

Sasa nije kwa bibi. Bibi ni mama wa mama yangu, anakaa Kilosa, upande wa reli ya zamani. Baba yake alikuja kukata mkonge akitokea mbali, akabaki. Yeye akaolewa na mtu wa reli. Mtu wa reli alishafariki, lakini yupo ukutani sebuleni: picha ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa studio mwaka alioajiriwa, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, kijana anayeonekana kama ameambiwa akipumua picha itaharibika.

Bibi na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala. Yeye ananiita mume wangu, na mimi kila nikifika, baada ya shikamoo na marahaba ambazo hazichezewi, tunaanza. Ananitania ubahili. Mimi namtania weusi. Bibi ni mweusi sana, na tangu nina miaka ya kuchunga mbuzi, akiingia chumbani jioni nilikuwa nasema, "Bibi, hebu cheka, tujue uko wapi." Nyumba nzima inaanguka. Yeye anajibu kwamba yeye angalau ana meno ya kucheka, mimi nikicheka nahofia meno yatachakaa kwa matumizi. Tumeishi hivyo. Sikuwahi kufikiri kama kuna upande unaoumia, kwa sababu utani hauna upande. Ndivyo tulivyofundishwa.

Kitu ambacho bibi hakuwa nacho ni picha. Ana kitambulisho, na pale kwenye kitambulisho ni kiza chenye masikio. Wajukuu wadogo walimpiga kwa simu, na simu za siku hizi zinajifanya zina huruma, zinamsafisha mtu bila kuombwa. Ikatoka sura laini ya kijivu kama ya mtu aliyetoka kusaga. Bibi aliitazama akauliza huyu aliyemwagikiwa unga ni nani.

Aliposikia nina kamera ya filamu, akaniita. Alitaka picha moja tu, ya rangi mbili kama ya babu, ya kukaa karibu na mumewe. Aliniambia huku anapepeta mchele, bila kunitazama, kama mtu anayeagiza chumvi. Lakini namjua. Bibi akitaka kitu kweli hakitazami.

Nikafunga safari ya Kilosa na filamu mpya. Alikuwa amejiandaa toka asubuhi: gauni la kitenge lililopigwa pasi, na mtandio mweupe alioutunza tangu Idi. Nikamkalisha nje kwenye kigoda, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, jua la adhuhuri limesimama juu. Niliona ukuta ni msafi, utapendeza. Akaniambia mkono wa birika wewe, usije ukanipiga nusu ukasema filamu imekwisha. Nikainua kamera. Kioo cha jicho la nzi kikauona ule ukuta na ule mtandio na lile jua, sindano ikaruka juu kabisa. Nikaongeza spidi, nikabana tundu, nikabana tena, mpaka ikatulia katikati. Kwenye kidirisha mabibi wawili wakasogeleana wakawa mmoja.

Halafu mdomo wangu ukasema wenyewe, kama ulivyozoea. "Bibi, hebu cheka, tujue uko wapi."

Akacheka. Nikapiga. Nikapiga tena kwa kipimo kilekile, maana mimi kila kitu mara mbili. Kosa nalo nikalirudia mara mbili.

Bahasha iliporudi kutoka Dar niliifungulia pale stendi ya Mikumi. Ukuta ulikuwa mzuri ajabu, unahesabu nyufa. Mtandio unaonekana hadi mishono ya pindo. Katikati ya mtandio palikuwa na shimo jeusi, na katikati ya shimo meno. Ilikuwa ni utani wangu wa miaka yote, umechapwa kwenye karatasi nzuri.

Nikaenda kwa mzee mmoja pale Mikumi aliyekuwa na studio zamani, akisafisha filamu mwenyewe kwenye chumba cha giza. Siku hizi anatoa fotokopi na picha za pasipoti. Akainua filamu yangu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda wa mtu asiyelipwa.

"Ukuta umeupiga vizuri," akasema. "Ulikuwa unataka ukuta?"

Nikamweleza kwamba sindano ilikaa katikati. Akasema sindano haimjui bibi yako. Akanifafanulia, na hakuwa mtu wa kufafanua kwa upole: kipimo hakijui kuna mtu, kinaona mwanga tu, na chochote kinachowekewa mbele kinataka kukifanya kijivu cha katikati. Ukikionyesha chokaa, kitataka chokaa iwe kijivu, na uso uliopo mbele ya chokaa utajijua wenyewe. Malori na nyasi zangu zilitoka kwa sababu vyenyewe ni vya katikati. Nikauliza kama hawawezi kuichapa tena kwa kuiangaza. Akasema kisichoingia kwenye filamu hakitoki kwenye filamu.

Niliondoka pale nimeelewa kitu nilichopaswa kukielewa kabla ya watu wote. Kipimo ni dalali. Umpelekee mpunga wa namna yoyote, atakuambia huu ni wa daraja la kati, na anakufungulia bei. Ile ni bei ya kufungulia tu. Ni juu yako wewe unayeujua mzigo wako kusema hapana, huu ni bora, panda; au huu una unyevu, shuka. Maisha yangu yote nimekula kwa kukataa bei ya kwanza. Siku ya uso wa bibi yangu nikaipokea na kushukuru.

Nilikwenda Kilosa nimejipanga. Nilitaka nimkute peke yake, nimweleze kwanza, bahasha baadaye. Nikamkuta na majirani wawili wamekuja kumsaidia kupukuchua mahindi. Shikamoo zikapita. Kabla sijakaa, akanyoosha mkono akachomoa bahasha mfukoni mwangu, akaifungua.

Akatazama. Vidole vya wale majirani viliendelea kupukuchua, halafu vikasimama.

"Umenipata, mume wangu," akasema. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha kuegemea ukuta, akawapa majirani waone. Mmoja akasema bibi umeolewa na mshenzi. Mwingine akataka kujua picha imepigwa usiku wa saa ngapi. Bibi akawaeleza kila kitu: jinsi nilivyomwambia acheke tujue yuko wapi, jinsi alivyocheka kama mjinga, kumbe mwenzie ana mtambo. Alisimulia vizuri kuliko ambavyo ningesimulia mimi.

Nikasema, "Bibi, huu siyo utani. Nimekosea kupima mwanga."

"Mtani haombi radhi," akasema bado anacheka. "Ukiniomba ya hii, itabidi uniombe na ya miaka yote."

Wale majirani wakacheka tena. Mimi nikacheka nao, nifanye nini. Hiyo ndiyo shida ya utani: mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea haupo. Kama angenitukana ningemwangukia miguuni. Kama angenuna ningetuma wazee. Lakini alikuwa amenipa ushindi mbele ya mashahidi, na ushindi wa utani haurudishwi. Ningesisitiza kwamba nimekosea, ningekuwa namwambia mbele ya watu kwamba weusi wake ni ajali.

Wiki zilizofuata mama alinipigia simu akiwa anacheka. Bibi yako, akasema, kila anayebisha hodi anaonyeshwa kituko chako. Nikauliza kama ameitundika. Mama akasema hapana, ipo tu kwenye kapu la nguo.

Niliacha kula vizuri. Nasema hivyo kwa uangalifu, kwa sababu mke wangu akisoma atasema nilikula. Lakini kila nikiishika ile kamera niliona meno.

Nikarudi kwa mzee wa studio. Nikamwambia nifundishe. Akanipa masharti, nikayakubali bila kupunguza hata moja, jambo lililomtia wasiwasi. Akanikataza kupima mandhari. Nikataja video zinazosema upime kwenye kiganja chako, ndiyo njia ya wataalamu. Akanishika mkono akaugeuza.

"Kiganja chako kinafanana na cha mzungu," akasema. "Mgongo ndio wako. Unapiga picha kiganja cha nani?"

Basi nikawa napima mgongo wa mkono. Kwenye kivuli cha meza, kwenye jua la barabarani, chini ya turubai la buluu linalodanganya kila rangi. Wateja walidhani nimepata maradhi ya ngozi. Nilijifunza kumsogelea mtu mpaka uso wake uzibe lile jicho la nzi, pasibaki ukuta wala shati, nikasoma sindano, kisha nikarudi nyuma bila kugusa kitu. Na nilijifunza sehemu ya pili, ambayo mzee alinikumbusha kila siku: ukiufuata uso mweusi kama sindano inavyotaka, utautoa kijivu, utakuwa umemmwagia mtu unga kama simu. Soma uso, halafu bana tundu alama moja, mwanga upungue. Hapo ndipo uso unapatikana ulivyo. Si bei ya dalali, wala si bei ya huruma.

Nilipokwenda kumwomba bibi akae tena, alikataa. Akauliza safari hii nataka meno bila mtandio? Nikabembeleza. Nikatumia kila mbinu ninayoijua ya sokoni, hata ile ya kujifanya naondoka. Akaniacha niondoke mpaka getini. Nikarudi. Akasema atakaa kwa sharti moja: nisimchekeshe. Mdomo utafungwa. Nikakubali.

Ilikuwa asubuhi. Nikamweka barazani, kwenye kivuli, mlango uko wazi nyuma yake na ndani kuna giza lililotulia. Mtandio ulikuwa wa rangi ya udongo. Mweupe aliukataa mwenyewe. Nikamsogelea na kamera mpaka karibu na shavu, kama daktari wa macho.

Sijawahi kumwona bibi kwa umbali ule. Labda nilipokuwa mtoto mgongoni, lakini mgongoni unaona kisogo. Kumbe weusi wake si rangi moja. Kwenye paji la uso una wekundu kama wa kahawa iliyokaangwa, chini ya macho umeingia ndani zaidi, na kwenye shavu kuna kovu dogo nisilolijua la nini. Mikunjo ilikuwa mingi, myembamba, inatoka kwenye pembe za macho kwenda kila upande. Vitu hivyo vyote vilikuwa hapo wakati mimi natafuta meno.

Nikasoma sindano. Kisha kwa mazoea nikaleta mgongo wa mkono wangu pale pale, mwanga uleule, nihakikishe. Sindano haikutikisika. Nikadhani imekwama. Nikaelekeza uwanjani, ikaruka. Nikarudisha kwenye shavu, nikarudisha kwenye mkono. Mahali palepale.

"Unapima nini mara mbili mbili?" bibi akauliza bila kufungua mdomo sana.

"Mkono wangu."

"Unasemaje?"

"Unasema tuko sawa."

"Sasa ulidhani uliutoa wapi?"

Nilikuwa bado nimeuweka mkono pale hewani, karibu na uso wake. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza yuko wapi, na watu wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigeuzia taa.

Bibi akatazama uwanjani, kama anavyotazama pembeni akitaka kitu. "Ile ya kwanza," akasema. "Ulikusudia?"

"Hapana, bibi. Wallahi sikukusudia."

"Mimi nilijua umekusudia. Uliniambia nicheke, nikacheka, picha ikaja na meno. Nikasema kijana amepanga." Akarekebisha mtandio. "Nikasema basi, ameshinda. Ningelia mbele ya wale?"

Nilitamani aniambie jambo la kunifanya nijisikie vibaya zaidi, maana hilo lilikuwa dogo mno kwa jinsi alivyolisema. Hakuongeza. Aliuliza tu kama tutapiga au tutangoja jua lihame. Nikarudi nyuma hatua za kutosha, nikabana tundu alama moja, mabibi wawili wakawa mmoja, nikapiga. Nikapiga nyingine nikiwa nimefungua kidogo, na nyingine nikiwa nimebana zaidi, na nikaendelea, mpaka mtambo ukagoma kusogea. Filamu nzima iliishia kwa bibi. Akauliza kama hiyo si hasara. Nikasema ni hasara.

Picha niliyoichagua niliipeleka mwenyewe, ikiwa tayari kwenye fremu. Nilimkuta peke yake. Akaifuta kwa upindo wa khanga ingawa haikuwa na vumbi, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

Uso ulikuwepo wote. Paji, kovu, mikunjo, mdomo umefungwa, macho yanakutazama kama unataka kumpunja. Alikuwa mweusi, na alionekana. Nilisimama nyuma yake nikisubiri kicheko, nikikiogopa.

Hakucheka. Alifuatisha mikunjo kwa kidole juu ya kioo, mmoja mmoja.

"Mbona hamkuniambia nimezeeka hivi?" akasema.

Kweli hakujua. Kioo chake cha kujitazamia ni kipande cha kiganja, anaona jicho moja kwa wakati, na picha zote alizowahi kupigwa zilikuwa kiza au unga. Sikuwa nimefikiri kwamba ukimpa mtu uso wake unampa na umri wake. Nikaanza kusema tunaweza kuchagua nyingine. Akanikatisha kwa mkono.

"Itundike. Pale karibu na mwenzangu." Akamtazama yule kijana wa shati la vifungo, akajitazama tena mwenyewe. "Watu watasema huyu mama kakaa ukutani na mtoto wake wa kiume."

Akanigeukia akisubiri. Ilikuwa zamu yangu. Mjukuu yeyote wa Kilosa angekuwa na jibu. Mimi ningekuwa na matatu. Nilifungua mdomo, nikaona kila nililonalo lina meno ndani yake.

"Ndiyo, bibi," nikasema.

"Ndiyo bibi, ndiyo bibi." Akanitazama juu mpaka chini. "Siku hizi umekuwa mkwe?"

Nikaenda kutafuta nyundo kwa jirani. Nilipogonga msumari, bibi alisimama nyuma yangu anaelekeza: juu kidogo, hapana, shusha, umezidisha. Nikashusha kila aliposema shusha. Hatukubishana hata mara moja, na nilisikia nyuma yangu kwamba hilo nalo halikumpendeza.